Kijiji Kilichokuwa Darasa

Msomaji, ukimwuliza kijana yeyote anayetaka kwenda chuo kikuu kujifunza elimu ya biashara kwa nini ameichagua elimu hiyo, yamkini atakujibu kwamba ataka kuwa tajiri, au kuwa meneja wa kampuni kubwa, au angalau asikose kazi. Majibu hayo si mabaya. Mtu hali vitabu; hula chakula, na chakula hununuliwa. Lakini wamekuwapo walimu wachache waliouliza swali jingine mbele ya wanafunzi wao: biashara hii tunayoifundisha yamfaa nani, na ikiisha kumpa mwenyewe faida yake, itakuwa imeiachia nchi nini? Siku hizi swali hilo limepata nafasi katika vyuo vikuu vingi vya ulimwengu. Wanafunzi wa shahada ya kwanza hufundishwa namna ya kubuni biashara ziondoazo shida za watu, na namna ya kuziendesha bila ya kula leo mbegu ya kesho. Hapa nitakusimulia jinsi somo hilo lilivyozaliwa mahali pamoja, ambapo pengine hujapata kupasikia: kijiji cha Jobra, katika nchi ya Bangladesh.

Nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Pakistani mpaka mwaka 1971. Iliingia katika uhuru wake ikiwa na majeraha mengi. Mwezi wa Novemba 1970 tufani kubwa ilikuwa imeipiga pwani yake na kuua mamia ya maelfu ya watu, na kabla machozi hayajakauka vikaja vita vya kujitenga. Barabara na madaraja yalivunjika, na mamilioni ya watu walikimbilia India. Mwaka 1972 alirudi nyumbani kijana wa miaka 32, jina lake Muhammad Yunus, mwana wa sonara wa mji wa Chittagong. Alikuwa amekwenda Marekani mwaka 1965 kusoma elimu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, akapata shahada ya udaktari, akafundisha huko. Sasa alipewa kuongoza idara ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, chuo kilichofunguliwa mwaka 1966 juu ya vilima, mbali kidogo na mji.

Chini ya vilima hivyo ndiko kilikokuwa kijiji cha Jobra. Wanafunzi na walimu walikipita kila siku, nao hawakukijua. Nakuomba ulishike jambo hilo, maana kila kitu nitakachokueleza kimetoka humo. Juu ya kilima watu walikuwa wakifundishwa jinsi mali ya mataifa inavyopatikana, na chini ya kilima, mwendo wa dakika chache kwa miguu, walikuwapo watu wasiokuwa na mali yo yote. Wala pande hizo mbili hazikuwa na la kuambiana.

Ndipo ikaja njaa ya mwaka 1974. Mafuriko yaliharibu mashamba, bei ya mchele ikapanda kupita kiasi, na watu waliokonda kama vijiti wakaanza kuonekana katika vituo vya reli na katika njia za miji, wakija kutafuta chakula. Walikufa kwa maelfu mengi. Baadaye Amartya Sen, bingwa wa elimu ya uchumi aliyezaliwa Bengali, aliichungua njaa hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1981, akaonyesha jambo la kustaajabisha: mwaka ule chakula hakikuwa kimepungua nchini kuliko miaka iliyoutangulia na iliyoufuata. Chakula kilikuwako. Walichokosa watu ni uwezo wa kukinunua. Vibarua wa mashamba walikosa kazi kwa ajili ya mafuriko, na asiyekuwa na kazi hakuwa na fedha, na mchele ukampita mbele ya macho ukienda kwa mwenye nazo.

Fikiri basi hali ya mwalimu wa uchumi katika mwaka kama huo. Yunus ameeleza mara nyingi kwamba alikuwa akiingia darasani na kueleza kanuni nzuri za masomo yake, kisha akitoka nje akiwaona watu wanaokufa, na kanuni zile zikamwonekea kama hadithi za kupumbaza watoto. Walimu wengi wamepata kuona mashaka ya namna hiyo, wakanyamaza, wakaendelea na kazi. Yeye aliamua kuteremka kilima na kuwachukua wanafunzi wake pamoja naye. Kijiji kikawa kitabu.

Wala usidhani kwamba waliposhuka walijua la kufanya. Kwanza walianza na kilimo. Yunus aliona kwamba wakati wa kiangazi mashamba ya Jobra yalikaa bure, ingawa palikuwa na kisima kirefu cha mashine kilichochimbwa kwa fedha nyingi. Kisima hakikutumika kwa sababu wanakijiji hawakuafikiana juu ya gharama zake. Katika majira ya baridi ya mwaka 1975 akawapa shauri: wenye mashamba watoe ardhi, wasio na mashamba watoe nguvu zao, naye atatoa mafuta ya mashine, mbegu na mbolea, kisha mavuno yagawanywe mafungu matatu sawa. Wanafunzi waliingia matopeni wakapanda mpunga pamoja na wakulima. Mpunga ukakubali vizuri sana. Lakini siku ya kugawana ilipofika, wakulima hawakumpa mwalimu fungu lake kamili, naye akapata hasara ya taka 13,000, taka ikiwa ndiyo fedha ya nchi ile. Mwaka 1978 serikali ililitunukia shamba hilo tuzo ya Rais. Mimi hupenda kufikiri kwamba hasara ile ilikuwa na mafunzo mengi kuliko tuzo.

Maana katika mavuno hayo hayo waliona jambo ambalo hawakulitazamia. Wanawake maskini kabisa wa kijiji walikuwa wakiitwa alfajiri kuja kupura mpunga. Walisimama safu nzima wameegemea ukuta, wakiupura kwa miguu mitupu tangu alfajiri, wakapewa ujira mdogo mno. Shamba lilikuwa limeneemeka, mwenye ardhi ameneemeka zaidi, na hawa waliopura walibaki vile vile walivyokuwa. Hapo Yunus na vijana wake wakang'amua kwamba neno ‘mkulima maskini’ lilikuwa limewaficha watu wengine walio chini yake: wasiokuwa na shamba kabisa, na hasa wanawake. Ukitaka kujua kama jambo lafaa, haitoshi kuuliza kama mavuno yameongezeka. Yakupasa uulize yameingia katika ghala la nani. Swali hilo ni rahisi kulitamka, lakini wao iliwagharimu msimu mzima kulipata.

Mwaka 1976 walifika mlangoni kwa mwanamke mmoja aitwaye Sufiya, aliyekuwa akisuka vigoda vya mianzi. Mikono yake ilikuwa hodari na vigoda vyake vizuri. Lakini hakuwa na taka 5 za kununulia mianzi ya kigoda kimoja. Mchuuzi alimkopesha mianzi kwa sharti kwamba jioni amwuzie yeye kigoda, kwa bei aitakayo yeye mchuuzi. Ilipopigwa hesabu, faida ya mama huyu kwa kazi ya siku nzima ilikuwa nusu taka, yaani kama senti 2 za Kimarekani. Laiti angekuwa na taka 5 zake mwenyewe, angaliuza kigoda kwa yeyote ampendaye na bei ingalikuwa nyingine. Huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa amefungwa kwa kamba ya taka 5.

Yunus angaliweza kutia mkono mfukoni akampa fedha hizo, akarudi kilimani na moyo mweupe. Badala yake alimwagiza mwanafunzi wake mmoja, msichana, azunguke kijiji kizima aandike majina ya wote walio katika hali kama ya Sufiya. Baada ya wiki orodha ikaletwa: watu 42, na jumla ya fedha walizohitaji ilikuwa taka 856, pungufu ya dola 27. Ukitaka kuelewa kwa nini nimesema kijiji kilikuwa darasa, itazame orodha hiyo. Haikuwa na hesabu yo yote iliyomshinda mtoto wa shule ya msingi. Hata hivyo katika chuo kizima cha mabingwa hapakuwa na mtu aliyekuwa amepata kuiandika. Yunus alitoa fedha hizo mfukoni mwake zikakopeshwa bila riba, kisha akaanza kujiuliza ni nani atakayekopesha siku ambayo yeye hayupo.

Akaenda katika tawi la benki lililokuwa pale chuoni. Meneja alistaajabu hata akacheka. Fedha zenyewe, alisema, ni kidogo hata hazilipi gharama ya karatasi za kujaza. Na watu hao hawajui kusoma wala kuandika, karatasi watazijazaje? Tena hawana kitu cha kuweka rehani. Msomaji, usimchukie meneja huyu. Alikuwa akifuata kanuni alizofundishwa, na wanafunzi waliosimama pembeni walikuwa wakifundishwa kanuni hizo hizo ili siku moja wakae katika kiti chake. Ilichukua kama miezi 6 ya barua na safari mpaka benki ikakubali, nayo ilikubali kwa sababu Yunus mwenyewe aliweka jina lake kuwa mdhamini wa mikopo yote.

Sasa fedha zikapatikana, na kazi iliyobaki ikawa kuzikusanya tena. Hapa napenda kukaa kidogo, maana vitabu vingi hupapita. Mwanzoni walitaka kila mkopaji alipe kidogo kidogo kila siku, na fedha apokee muuza tambuu ambaye kibanda chake kilikuwa katikati ya kijiji. Shauri lilionekana jema: kila mtu hupita kwa muuza tambuu. Haukupita muda ikawa vurugu tupu. Huyu asema, ‘Nililipa mchana, wewe ulikuwa ukihudumia watu wengine’. Yule wa tambuu asema hakuona kitu. Wakaiacha njia hiyo, wakaweka malipo ya kila wiki mbele ya mkutano wa watu wote, ambapo kila mmoja aona mwenzake atoavyo. Kisha wakajifunza kuwaunga wakopaji makundi ya watu 5. Wawili hukopa kwanza. Wakilipa vizuri, wengine hufuata, na mwenyekiti wa kundi huwa wa mwisho. Hivyo mahali pa rehani pakakaliwa na heshima ya mtu mbele ya majirani zake. Hakuna profesa aliyeitunga kanuni hii akiwa kitini. Ilitokana na makosa, moja baada ya jingine.

Jambo la wanawake lilikuwa gumu zaidi. Kwa desturi ya kijiji kile haikumfaa mwanamume mgeni kuingia nyumbani na kuzungumza na wanawake. Basi Yunus alisimama nje uwanjani, na msichana mmoja wa chuo akawa akiingia na kutoka, akichukua swali ndani na kuleta jibu nje, mara nyingi kwa siku. Majibu ya kwanza yalikuwa ya kukataa. Wanawake walisema, ‘Mpe mume wangu, mimi sijapata kushika fedha.’ Ilichukua miaka kama 6 mpaka nusu ya wakopaji wakawa wanawake. Yunus asema walidumu katika shauri hilo kwa sababu waliona kwamba shilingi iliyopita mkononi mwa mama iliwafikia watoto upesi zaidi.

Watu wa mabenki walisema kwamba mambo hayo yamefaulu Jobra kwa sababu wanakijiji wanamheshimu profesa. Hayo yalikuwa masemo ya haki, na jibu lake lilikuwa kujaribu mahali asikojulikana. Mwaka 1979 kazi ikapelekwa wilaya ya Tangail, ikashika huko pia. Tarehe 2 Oktoba 1983 ikawa benki kamili kwa sheria ya nchi, ikaitwa Grameen, maana yake ‘ya vijijini’. Mwaka 2006 benki hiyo na Yunus walipewa pamoja Tuzo ya Amani ya Nobel, na wakati huo ilikuwa na wakopaji karibu milioni 7, wanawake wakiwa 97 katika kila 100.

Lakini mimi nimeahidi kukueleza habari za mafundisho, si za tuzo. Je, wale wanafunzi walikuwa nini? Wako walioshuka kilima kwa mwaka mmoja wakafanya mtihani wakaenda zao, wala hatuwezi kuwalaumu. Wengine hawakurudi kabisa. Nurjahan Begum, aliyekuwa kijana wa chuo hicho, alibaki katika kazi hiyo tangu siku za Jobra mpaka akawa miongoni mwa wakuu wa benki. Mwenziwe, Dipal Chandra Barua, alikuwa mwanafunzi wa uchumi na tena mzaliwa wa Jobra yenyewe, naye alijiunga na kazi mwaka 1976. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, akawa kiongozi wa kwanza wa Grameen Shakti, kampuni ya kupeleka umeme wa jua katika vijiji ambavyo nyaya za umeme hazikuvifikia.

Hapa ndipo somo la Jobra lilipopata tawi lake la pili. Familia ya kijijini ilikuwa ikinunua mafuta ya taa kila wiki, mwaka hata mwaka, yakawapa mwanga hafifu na moshi wa kuumiza vifua. Vyombo vya umeme wa jua vilikuwa vya bei kubwa kwao. Grameen Shakti iligawa bei hiyo katika malipo ya kila mwezi, karibu na gharama ile ile ya mafuta ya taa, na ikafundisha wasichana wa vijijini kuvitengeneza vikiharibika, kwa kuwa chombo kisicho na fundi huwa takataka baada ya mwaka. Kufikia mwanzo wa mwaka 2013 nyumba zilizofungiwa vyombo hivyo zilikuwa zimepita milioni moja. Baadaye nyaya za serikali ziliendelea kufika vijijini na biashara hiyo ikapungua, jambo ambalo si la kusikitisha. Mwenye taa anatafuta mwanga, hatafuti kampuni.

Sasa nikwambie upande mwingine, maana historia isiyokuwa na upande mwingine ni tangazo la duka. Mkopo ni deni, na deni ni deni hata lingekuwa dogo. Mtindo wa Jobra ulipoenea ulimwenguni, walikuja watu walioupenda kwa sababu maskini hulipa vizuri. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India makampuni yalishindana kuwakopesha watu wale wale, huyu akikopa kwa mmoja ili amlipe mwingine, na wakusanyaji wakawaaibisha wadeni mbele ya majirani. Ile heshima ya mtu iliyokuwa badala ya rehani ikageuzwa kuwa fimbo. Mwaka 2010 habari za wakopaji waliojiua ziliitikisa India nzima, na mwezi wa Oktoba serikali ya jimbo ikaweka sheria kali. Kisha mwaka 2015 zikatolewa pamoja tafiti 6 zilizofanywa katika nchi 6, Ethiopia ikiwa mojawapo. Zilionyesha kwamba mikopo midogo huwapa watu nafasi ya kupanga mambo yao wenyewe, lakini kwa wengi haikuwatoa katika umaskini. Naye Yunus hakuepukana na mashaka: mwaka 2011 aliondolewa katika uongozi wa benki yake kwa kuambiwa amepita umri, na mwaka 2024 aliitwa na nchi aongoze serikali ya mpito.

Basi mwalimu wa biashara wa siku hizi akifika katika sura hii ya Jobra, ana visa viwili vya kuweka mezani, cha Sufiya na cha Andhra Pradesh, na kanuni iliyotumika katika vyote viwili ni moja: kundi, wiki, mkutano. Huwauliza wanafunzi tofauti iko wapi. Nimepata kusikia wakibishana juu yake mpaka kengele ikalia, na sikuona haja ya kuwaamua.

Wewe uliye Kenya una kisa cha tatu karibu nawe. Mtindo wa makundi ulifika kwetu katika miaka ya 1980 na 1990 ukakuta watu wenye vyama vyao vya kuchangiana tangu zamani, kwa hiyo haukuwa mgeni mkubwa. Mwaka 2005 njia mpya ya kulipa mikopo ya makundi kwa simu ya mkononi ilijaribiwa Nairobi na Thika, ili mkopaji asipoteze nusu ya siku akienda mkutanoni na fedha mkononi. Wakopaji walipewa simu, wakaonyeshwa jinsi ya kulipa. Wasimamizi walipochunguza wakaona mambo ambayo hawakuyaagiza: huyu amemlipia mwenzake deni, yule ametuma fedha kwa jamaa yake aliye mbali, mwingine ameziweka humo ili asiibiwe njiani. Waliokuwa wakibuni wangeweza kuwakemea watu hao kwa kutumia chombo visivyo. Hawakufanya hivyo, bali waliketi wakakitengeneza upya kufuata yale waliyoyaona. Mwezi wa Machi 2007 chombo hicho kilipotolewa kwa nchi nzima kwa jina la M-Pesa, shughuli ya mikopo iliyokuwa asili yake ilikuwa imewekwa kando, na watu walitangaziwa kwamba sasa waweza kutuma pesa nyumbani.